Mashine ya Kunyonya Unyevu ya Lita 12: Tathmini Baada ya Majira Mawili ya Baridi Manchester

Mashine ninayoitathmini hapa niliinunua Novemba 2024 kwa pauni 165, na sasa imekwisha kunivusha majira mawili ya baridi katika nyumba ya kupanga hapa Manchester. Ni mashine ya kunyonya unyevu hewani, ya aina inayotumia kompresa, yaani pampu ya kupoza kama ya friji, na boksi lake limeandikwa kuwa ni ya lita 12. Jina la kampuni na la duka sitayataja, kwa sababu mashine za ukubwa huu zinafanana sana kwa ndani, na kasoro nilizokutana nazo ni za kifaa kimoja kilichoniangukia mimi. Nitakachoeleza ni kazi yake: inafanya nini wakati wa baridi, na ina msaada gani katika usafi mkubwa wa Machi na Aprili, jua linaporudi na mtu anapovuta kabati kutoka ukutani kwa mara ya kwanza tangu Oktoba.

Nyumba yenyewe ni ya matofali mekundu, imeungana na za majirani kulia na kushoto, ya zama za Malkia Victoria kama zilivyo nyumba nyingi za kaskazini mwa Uingereza. Kuta zake ni tofali tupu, hazina ule uwazi wa katikati uliozoeleka katika ujenzi wa karne ya 20, kwa hiyo ukuta ukipoa kwa nje, kwa ndani nao hupoa. Mvuke wa wali, wa maji ya kuoga, wa nguo zilizotandazwa juu ya hita na wa pumzi za watu wanne waliolala huzunguka humo ndani mpaka upate mahali pa baridi pa kutua. Asubuhi vioo vya madirisha hutoka jasho hadi maji yakatuama kwenye kizingiti, na nyuma ya kabati, pasipofika jicho wala hewa, koga huanza kuota kimyakimya.

Mwaka 2024 nilifanya usafi wa baada ya baridi bila mashine yoyote. Nilipofungua sanduku la chini ya kitanda nilikuta doti ya kanga aliyonipa mama siku ninaondoka Tanga ina vidoa vyeusi pindoni, vidogo kama punje za ufuta, vilivyokwisha kuingia ndani ya uzi. Niliiinua hadi puani nikasikia uvundo, si harufu ya karafuu niliyokuwa nimeizoea kila nikilifungua lile sanduku. Niliifua mara tatu na uvundo ukatoka, ila vidoa vipo hadi leo. Mkeka wa ukili uliokuwa umekunjwa nyuma ya mlango ulikuwa umepata rangi ya kijani upande wa ukutani, na huo sikuweza kuuokoa. Ukuta niliusugua kwa jiki ukawa mweupe, nikafurahi, na haikutimia hata wiki ya nne koga ikarudi palepale, kwa umbo lilelile. Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa ninafuta koga huku maji yanayoilisha bado yamo hewani, na ndiyo sababu mwaka ule ule, kabla baridi haijarudi, nikaanza kutafuta mashine.

Jambo la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kulielewa ni ile namba ya boksini. Lita 12 maana yake ni maji ambayo mashine inaweza kuyatoa hewani kwa saa 24, lakini kwa kawaida kiwango hicho hupimwa katika chumba chenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Mtu wa Pwani anaijua hewa hiyo vizuri: ndiyo ya siku za mwisho za kaskazi, shati linapoganda mgongoni kabla ya saa tatu asubuhi. Hewa ya namna hiyo hubeba takriban gramu 24 za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Chumba changu cha kulala mwezi Januari huwa na nyuzi 18, na hata unyevu ukifika asilimia 70, hewa yake haina zaidi ya gramu 11 hivi kwa mita hiyo hiyo. Mashine haiwezi kutoa maji yasiyokuwamo. Wiki ya kwanza nilikuwa ninamwaga lita mbili na nusu kila asubuhi, baada ya wiki mbili ikawa lita moja na kitu, na hapo ndipo ilipobaki. Mwanzoni nilidhani nimeuziwa mashine mbovu. Haikuwa mbovu, namba ile ilitokana na hewa inayofanana na ya kwetu, na mimi ninaishi Manchester. Wauzaji wangeandika pia kiwango cha nyuzi 15 au 18 kwa herufi za ukubwa uleule, wangewaepusha wateja wengi na mshangao huo.

Kipimo cha kweli kwangu hakikuwa tangi la maji, kilikuwa kile kipima unyevu kidogo cha mezani nilichokinunua kando kwa pauni 9, na ninamshauri kila mtu aanze nacho hata kabla ya mashine. Kabla ya mashine kuwashwa, chumba cha kulala kilikuwa kinasoma asilimia 76 alfajiri. Baada ya siku 12 kilikuwa kinasoma 57, na nimejitahidi kukiweka kati ya 50 na 60 tangu wakati huo. Kiwango hicho kinatosha kuizuia koga isiote kwenye kuta nyingi za nyumba hii, isipokuwa pembe moja ya upande wa kaskazini ambayo ni baridi kuliko kwingine kote. Sikuona faida ya kushuka chini ya 45, maana midomo ilianza kukauka na mlango wa mbao wa kabati ukapinda kidogo.

Mashine hii inafanya kazi ipasavyo milango na madirisha yakiwa yamefungwa, jambo ambalo lilinipa tabu kulizoea, kwa kuwa nimelelewa katika nyumba ambayo dirisha hufungwa usiku tu, na mchana hewa hupita kutoka ua wa nyuma hadi barazani. Hata hivyo dirisha nalo lina kazi yake hapa, na hesabu yake ni kinyume cha ile tunayoijua nyumbani wakati wa masika. Hewa ya nje yenye nyuzi 5, hata ikiwa inanyesha, haiwezi kubeba mvuke unaofika gramu 7 kwa mita ya ujazo. Ikiingia ndani ikapashwa joto hadi nyuzi 20, inageuka hewa kavu yenye unyevu usiofika asilimia 40. Kwa hiyo mimi hufungua madirisha ya pande zote mbili kwa dakika kumi asubuhi, nikayafunga, kisha nikawasha mashine. Kuiwasha huku dirisha liko wazi ni kulipia umeme wa kuukausha mtaa.

Sasa niingie kwenye usafi wenyewe. Mwaka 2025 Iddi iliangukia Jumapili ya tarehe 30 Machi, siku ileile saa za Uingereza zilipopelekwa mbele, na mimi nilitaka nyumba iwe imekwisha kusafishwa kabla ya hapo. Nilianza wiki mbili nyuma, na siku nne za mwanzo sikugusa ndoo wala tambara. Nilivuta makabati yote sentimita kama kumi na tano kutoka ukutani, nikaacha milango yake wazi, nikasimamisha magodoro kwa ubavu, nikaiacha mashine ikae siku moja katika kila chumba huku mlango umefungwa. Utaratibu huu wa kukausha kwanza na kuosha baadaye ndio uliobadilisha kazi nzima. Vumbi lililokuwa limeshikana na unyevu kama utandu juu ya mbao za chini ya ukuta likawa vumbi la kawaida linalotoka kwa kufuta mara moja. Karatasi ya ukutani iliyokuwa imevimba karibu na dirisha ilitulia. Magodoro yaliacha ule ubaridi ambao mkono unausikia hata kama kitambaa hakijalowa.

Ukuta wa nyuma ya kabati, ambao mwaka uliotangulia ulikuwa na doa la koga linaloweza kufunikwa na sinia, safari hii ulikuwa na vijidoa vya kuhesabika katika ile pembe ya kaskazini. Niliviondoa kwa tambara lililolowa maji na sabuni, nikarudia kwa dawa ya koga ya dukani, nikiwa nimevaa barakoa na glavu, dirisha limefunguliwa na mlango wa kuelekea vyumba vingine umefungwa. Ninasisitiza tambara lililolowa kwa sababu nimewaona watu wanaipiga koga kavu kwa brashi au ufagio, na kwa kufanya hivyo wanairusha hewani iende ikaote kwingine. Matambara yale nikayatupa, sikuyafua. Jambo jingine ambalo halina mjadala: dawa nyingi za koga zina klorini ileile iliyomo katika jiki, na ikichanganywa na siki au na dawa yenye amonia hutoa gesi ya sumu. Anayependa kutumia siki atumie siki peke yake, siku nyingine, kwa chombo kingine. Nguo za rangi, hasa kanga na vitenge, zisiguswe na dawa hiyo kabisa. Doa litaondoka pamoja na ua.

Nguo ndizo zilizonipa furaha kubwa kuliko kitu kingine. Mashine ina kitufe cha kukaushia nguo, ambacho kwa kweli ni feni inayozunguka kwa kasi zaidi bila kusimama. Katika kile chumba kidogo cha juu nilifunga kamba mbili, nikaanika mapazia, shuka, kanzu na mablanketi kwa zamu, nikafunga mlango. Mapazia mazito ambayo yangekaa siku mbili na nusu juu ya hita yalikauka kwa saa tisa, na hayakuwa na ile harufu ya nguo iliyochelewa kukauka. Jua la Machi hapa halitoshi kuanika godoro uani kama tufanyavyo nyumbani, kwa hiyo nafasi ya jua hujazwa na kitu hiki. Udi niliuchoma siku ya mwisho, mkesha wa Iddi, nyumba ikiwa imekwisha kukauka, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie humu harufu yake haikugombana na uvundo.

Kasoro zipo, na sitazipunguza. Mashine ya kwanza iliyoletwa mlangoni ilikuwa na ufa kwenye tangi. Niliigundua baada ya zulia kulowa, na muuzaji alichukua siku tisa kuibadilisha, siku tisa za Novemba, wakati ambao ninaihitaji kuliko wakati wowote. Ile iliyokuja badala yake ina kiboya ndani ya tangi kinachoiambia mashine kwamba maji yamejaa, na kiboya hicho hunasa. Mara nyingi nimeamka nikaikuta imezimika tangu saa sita za usiku, taa nyekundu inawaka, na tangi halijafika hata nusu. Dawa yake ni kulichomoa tangi, kukisukuma kiboya kwa kidole na kulirudisha, kazi ya sekunde kumi, lakini mtu aliyelala hawezi kuifanya. Baada ya kuzoea kukiosha kila Jumamosi kwa maji ya vuguvugu na sabuni tatizo limepungua sana, ingawa halijaisha. Tangi lenyewe halina mpini wa kutosha. Likijaa, ni lazima libebwe kwa mikono miwili kama karai, na ngazi za nyumba hizi zimesimama sana. Nilipopata mpira wa kutolea maji nikauelekeza kwenye beseni la bafuni, nikapumzika na hilo.

Kelele zake si kubwa, ila ni za kukatika na kuanza. Feni peke yake inaweza kumbembeleza mtu. Kompresa inapoingia ndipo sakafu ya mbao inapotetemeka. Chumbani kwa watoto siiweki usiku. Niliiweka juu ya kipande cha zulia kinene ukumbini, milango ya vyumba ikiwa wazi, na ikatosha kwa ghorofa nzima ya juu, kwa kwenda polepole zaidi.

Umeme niliupima kwa kifaa cha kuchomeka kwenye soketi, kwa kuwa hapa ndipo wengi tunapoogopa. Inakula wati 180 hivi kompresa ikiwa kazini. Saa kumi za usiku ni uniti 1.8, na kwa bei za mwaka 2025, zilizokuwa kati ya peni 25 na 27 kwa uniti, hiyo ni chini ya peni 50. Mara unyevu unapofika pale ulipopangiwa, mashine hujizima yenyewe, kwa hiyo gharama ya kawaida kwangu ilishuka hadi karibu nusu ya hapo. Umeme huo haupotei wote, kwani hurudi chumbani kama joto; ukumbi hupata nyuzi moja zaidi.

Jirani yangu, mama aliyekulia Lubumbashi na anayezungumza Kiswahili kitamu cha Katanga, ana mashine ya aina ya pili, isiyo na kompresa. Hiyo hupitisha hewa kwenye gurudumu la zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo sana, linalofyonza mvuke, kisha hulipasha moto ili liuachie. Tulibadilishana kwa wiki moja mwezi Februari. Yake ni nyepesi na inafanya kazi hata katika stoo yake isiyo na hita, ambako yangu ilishindwa: chini ya nyuzi 15 hivi kompresa hulegea, mabomba yake ya ndani hushika barafu, na kila mara inasimama ili ijiyeyushe. Lakini ya kwake ilikula umeme zaidi ya mara mbili ya yangu. Kwa chumba chenye hita, ningenunua tena ya kompresa. Kwa gereji, stoo au nyumba inayoachwa baridi mchana kutwa, yake ndiyo inayofaa.

Kuna mahali mashine hii haipaswi kupelekwa kabisa, nalo ninaliandika kwa uzito. Ikiwa maji yanaingia kutoka paani, au bomba limepasuka ndani ya ukuta, au unyevu unapanda kutoka ardhini, mashine itamwaga ndoo baada ya ndoo na ukuta utaendelea kuoza. Kazi hiyo ni ya mwenye nyumba. Wapangaji wengi, hasa sisi wageni, tumeambiwa kwamba koga inatokana na namna tunavyopika, tunavyofua na tunavyooga, na kwamba tukanunue mashine. Awaab Ishak, mtoto wa miaka 2 wa wazazi waliotoka Sudan, aliyeishi Rochdale, si mbali na ninapoishi, alifariki Desemba 2020, na Novemba 2022 mahakama ya uchunguzi wa vifo iliamua kwamba alikufa kwa maradhi ya njia ya hewa yaliyosababishwa na kuishi muda mrefu ndani ya koga. Wazazi wake walikuwa wamelalamika mara kwa mara. Sheria inayobeba jina lake ilianza kutumika England tarehe 27 Oktoba 2025 kwa nyumba za halmashauri na za mashirika ya nyumba za kijamii: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, na koga au unyevu mkubwa uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, kisha nyumba ifanywe salama ndani ya siku 5 za kazi baada ya uchunguzi kukamilika. Mpangaji wa nyumba hizo apige picha, aandike tarehe, apeleke malalamiko kwa maandishi, na asikubali mashine iwe jibu la tatizo la paa. Penye mtoto mchanga au mgonjwa wa pumu, jambo hilo lisingoje hata wiki.

Kwa nyumba kama yangu, ambayo paa ni zima na tatizo ni mvuke wa watu wanaoishi ndani ya kuta baridi, ninaipa mashine hii nyota nne kati ya tano, na ile moja iliyokosekana ni ya kiboya na mpini. Majira haya ya baridi yaliyokwisha nimeyamaliza bila doa jipya hata moja kwenye sanduku la kanga, na usafi uliokuwa ukinichukua majuma mawili umenichukua siku tano.

Kwa aliyekwisha kuinunua, mambo machache ya kuitunza. Chujio la nyuma lifutwe vumbi kila wiki mbili, la sivyo hewa haipiti na umeme unapotea. Maji ya tangi si ya kunywa wala ya kupikia. Mimi huyamwaga chooni au hupigia deki. Mashine isilazwe kwa ubavu inaposafirishwa, na ikitokea ikalazwa, isimamishwe saa kadhaa kabla ya kuwashwa ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Mwishoni mwa Aprili, unyevu unapokaa chini ya 60 bila msaada, ninalikausha tangi kwa kitambaa, ninaliacha wazi siku mbili, ninaifunika mashine kwa shuka kuukuu na kuisimamisha chini ya ngazi, kipima unyevu kikibaki mezani hadi Oktoba.